Mwalimu Nyerere na Matangazo Matatu ya Uhuru

Ukikaa Ihanda huwezi kuisahau barabara. Usiku na mchana malori ya mizigo na ya mafuta hupita yakitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, na foleni ikiwa ndefu madereva hulala ndani ya magari yao wakisubiri kuvukia Zambia. Wengi wetu tumezaliwa tukaikuta hali hii, tukadhani ni biashara tu. Lakini msafara huu ulikua mkubwa kwa sababu ya tangazo moja la uhuru, na tangazo lenyewe halikuwa letu.

Ndiyo maana safari hii tunamtazama Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere kupitia matangazo matatu: moja alilolipigania, moja alilolikataa, na moja alilolikubali wakati karibu Afrika yote imeligeuzia kisogo.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mgaya wa Nyang'ombe. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, akaendelea Tabora, kisha Makerere. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943. Akiwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, alijenga urafiki na Padre Richard Walsh wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyemsaidia kupata nafasi ya masomo Edinburgh. Aliporudi alifunga ndoa na Maria Waningu, Januari 1953, akafundisha Pugu katika shule ya Mtakatifu Fransisko iliyoendeshwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu.

Pugu tunapenda kupatazama kwa makini, kwa kuwa sisi nasi tunaishi katika nyumba ya malezi na tunajua maana ya kuwa chini ya wakubwa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Machi 1955 Mwalimu alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa maana Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, ilikuwa nchi ya udhamini iliyokabidhiwa Waingereza. Hakudai uhuru wa kesho yake. Alitaka ikubalike wazi kwamba Tanganyika itakuja kutawaliwa na wenyewe, na kwamba Waafrika ndio wengi wake. Aliporudi alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa, maana shule ilikuwa ikipokea ruzuku ya serikali. Mapadre hawakumchukia, walibanwa. Naye hakuwalaumu. Aliandika barua ya kuacha kazi akiwa na mke na watoto wadogo, akarudi kwao Uzanakini, na kwa miezi kadhaa akamfundisha Kizanaki padre mmoja wa Maryknoll.

Mwaka 1958 serikali ilileta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ulikuwa utaratibu wa dharau, na wengi katika TANU walitaka chama kiususe. Katika mkutano wa Tabora Mwalimu aliwashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akaondoka na kuanzisha chama chake. TANU na wagombea iliowaunga mkono wakashinda.

Mwaka 1960 alikuwa tayari hata kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Kenya na Uganda zifike na nchi hizo ziungane zikiwa huru pamoja. Haikuwezekana. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa, baadhi ya wabunge walitaka uraia utolewe kwa rangi ya ngozi. Mwalimu aliwaambia kwamba wakipitisha hilo serikali yake itajiuzulu. Basi tangazo la tarehe 9 Desemba 1961 lilikuja likiwa na sharti ndani yake: uhuru ni wa mtu kwa sababu ni mtu.

Tangazo la pili lilitoka Salisbury tarehe 11 Novemba 1965. Ian Smith na wenzake, kwa niaba ya walowezi wapatao laki mbili na ushee kati ya Waafrika takriban milioni nne, walijitangazia uhuru wa Rhodesia. Waandishi wake walifuata mtindo wa tangazo la Marekani la mwaka 1776, ila sehemu ya kwamba watu wote wameumbwa sawa waliiacha. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliipa Uingereza hadi tarehe 15 Desemba iwe imechukua hatua. Siku ilipofika Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Nchi zilizofanya hivyo zilikuwa chache.

Hapa ndipo barabara yetu inapoingia. Zambia haina bahari, na mafuta yake yalikuwa yakipita Rhodesia. Njia ile ilipofungwa, mapipa yalianza kupakiwa kwenye malori Dar es Salaam na kuvutwa kwenye udongo na matope hadi mpakani kwetu. Madereva waliifananisha safari hiyo na jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta lilifika Ndola, na mwaka 1975 mafundi wa Kichina, Kitanzania na Kizambia walimaliza kutandika reli ya TAZARA, kilomita 1,860, inayopita Vwawa na Tunduma. Nchi maskini ilibeba mzigo wa jirani kwa miaka kumi na mitano, hadi Zimbabwe ilipopata uhuru wa kweli tarehe 18 Aprili 1980.

La tatu ni gumu zaidi. Tarehe 30 Mei 1967 Biafra ilijitenga na Nigeria, baada ya Waigbo kuuawa kwa maelfu kaskazini mwa nchi hiyo mwaka uliotangulia. Viongozi wa Afrika waliogopa: mpaka mmoja ukiguswa, itakuwaje kwa mingine? Tarehe 13 Aprili 1968, siku alipotimiza miaka 46, Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Hoja yake ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya watu, na watu wasio na usalama ndani ya dola hawawezi kulazimishwa kuipenda. Nigeria ilikasirika, na Januari 1970 Biafra ilisalimu amri. Kama alikosea au alipatia, hata sisi mezani hatujakubaliana.

Tungekuwa wanafiki kuishia hapo. Mtu aliyepima Salisbury na Lagos kwa kipimo cha utu, nyumbani alikuwa na Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, iliyomruhusu Rais kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Alikuwa na chama kimoja. Kati ya 1973 na 1976 watu wengi waliondolewa makwao kwenda vijijini, wengine kwa nguvu. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, zaidi ya miaka ishirini baada ya uhuru, mwaka mmoja kabla hajang'atuka. Alikuwa mtu wa Misa kila siku, na tunaamini dhamiri yake ilimsumbua; lakini aliyekuwa kizuizini alihitaji hakimu.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005. Taratibu za Kanisa zinataka mashahidi wa pande zote wasikilizwe, wanaomsifu na wenye malalamiko. Wazee waliohamishwa makwao wakati ule wanaendelea kupungua, na ushahidi wao ni sehemu ya mchakato huo kama ulivyo wa waliokuwa wakisali naye.