Krapf alivyotuwekea hesabu ya nyanya zetu

Hebu hesabu mpaka kumi. Ulipofika sita, saba na tisa uliongea Kiarabu, tena bila kujua. Sasa muulize nyanya yako wa Kigiriama. Atakwambia tandahu, fungahe, chenda. Kiswahili nacho kilikuwa na yake: tandatu, fungate, kenda. Tandatu ni tatu na tatu, vile nane ni nne na nne. Biashara na Waarabu ikaja, bas, tatu kati ya hizo zikasukumwa kando.

Kama umepita Rabai umeona ile nyumba ya makumbusho ya Johann Ludwig Krapf. Usidhani ni habari ya kanisa peke yake. Huyu Mjerumani, mtoto wa mkulima, aliyezaliwa 1810, alifika Mombasa 1844 baada ya kufukuzwa Ethiopia. Miezi miwili tu, homa ikamchukua mkewe Rosine na binti yao mchanga. Mimi niliacha chuo kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Yeye akabaki, naye mgonjwa vilevile, akiandika maneno.

1846 akapanda Rabai na mwenzake Rebmann. Aliowabatiza unawahesabu kwa vidole. Lakini maneno! Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1850. Watu wa hapa waliandika kwa herufi za Kiarabu. Yeye akashikilia za Kilatini. Kinachochekesha ni kwamba tarakimu alizokuja nazo, hizi 1, 2, 3, Wazungu walizipata kwa Waarabu, nao Waarabu walizitoa India. Hata sifuri safari yake ni hiyohiyo.

Afya ilimshinda, akaondoka 1853. Alifariki kwao 1881. Kamusi yake nene ya Kiswahili ikatoka 1882, hakuishika mkononi. Ile ya lugha ya huku kwetu, waliyokusanya na Rebmann, ikachapishwa 1887, na Rebmann pia alikuwa ameshakufa.

Humo alituita Wanika, watu wa nyika, jina ambalo wazee hawalipendi. Leo sisi ni Mijikenda, miji tisa, kwa hiyo ile kenda iliyosukumwa kando unaitamka kila ukijitambulisha. Na fungate? Harusini bado ipo, ingawa siku hizi wengi wanarudi kazini hata saba hazijaisha.