Padri Secchi, mwasisi wa kipimo cha uangavu wa maji

WATAFITI wanapoingia ziwani kutoka Dunga, Kisumu, kuchunguza maji, mojawapo ya vifaa vyao huwa sahani iliyofungwa kamba. Kifaa hicho kinaitwa kwa jina la Padri Angelo Secchi, aliyefariki kabla reli haijafika Ziwa Victoria.

Secchi alizaliwa mwaka wa 1818 mjini Reggio Emilia, Italia, akajiunga na Wajesuiti akiwa na umri wa miaka 15. Mapinduzi ya 1848 yalipowafukuza watawa hao kutoka Roma, alikimbilia Uingereza, kisha Marekani, alikofundisha katika chuo cha Georgetown. Aliporejea Roma alikabidhiwa kituo cha kuchunguzia nyota. Huko alichanganua mwanga wa nyota zipatazo 4,000 na kuzigawa katika makundi, kazi iliyompa sifa duniani.

Mnamo Aprili 1865, Alessandro Cialdi, kamanda wa wanamaji wa Papa, alimwalika katika meli ya Immacolata Concezione ili wapime uangavu wa Bahari ya Mediterania. Mtaalamu wa nyota aliinamia maji, akateremsha sahani nyeupe na kupima kina ilipopotea machoni.

Jeshi la Italia lilipotwaa Roma mwaka wa 1870, Secchi alibaki mwaminifu kwa Papa. Hata hivyo, serikali mpya ilimwacha kituoni, akafanya kazi hadi alipofariki Februari 26, 1878.

Sahani itumikayo ziwani leo ina kipenyo cha sentimita 20, na robo zake ni nyeusi na nyeupe kwa zamu. Karibu na Kisumu, mara nyingi hupotea kabla ya kufika mita moja. Mito Nyando na Sondu-Miriu huleta udongo wa mashamba, nayo mbolea na majitaka hulisha mwani. Chembechembe hizo huzuia mwanga kupenya, na maji yakichafuka zaidi, mtambo wa Dunga huhitaji shabu nyingi zaidi kuyasafisha kabla hayajafika mifereji ya nyumbani.

Sahani haibainishi kama kilichoyafifisha maji ni udongo au mwani. Hilo ni kazi ya maabara. Lakini haihitaji umeme, na mvuvi yeyote anaweza kuisoma. Nayo mafunjo ya Dunga hunasa tope kabla halijafika ziwani. Kila yanapofyekwa, ziwa hupoteza chujio lake.