Eusebio: Mtoto wa Mama Elisa Aliyegeuzwa Mali ya Taifa



Ukitaka kumfurahisha mzee yeyote aliyependa mpira enzi za redio, mtajie Eusebio. Sisi tumekua na Messi na Ronaldo, na Eusebio alipofariki mwaka 2014 wengi wenu mlikuwa bado mnafundishwa kufanya Ishara ya Msalaba. Lakini kabla ya hawa wa kwenye simu zetu, alikuwepo kijana wa pwani hii hii ya Bahari ya Hindi, kusini tu ya kwetu, ambaye dunia nzima ilimjua. Mabao yake mtayaona YouTube. Leo nataka tumwangalie mtu mwenyewe, hasa jambo moja linalonisumbua kila nikisoma habari zake: watu walimpenda mno, na papo hapo wakamfanya kitu chao.

Alizaliwa tarehe 25 Januari 1942, sikukuu ya Kuongoka kwa Mtume Paulo. Jina Eusebio lina asili ya Kigiriki, maana yake mcha Mungu. Kwao ni Mafalala, mtaa wa nyumba za mbao na bati katika jiji lililoitwa Lourenço Marques, ambalo leo ni Maputo. Baba yake, Laurindo, alikuwa mzungu mzaliwa wa Angola, mfanyakazi wa reli. Mama yake, Elisa, alikuwa mwanamke mweusi wa Msumbiji. Eusebio akiwa na miaka minane tu, baba akafariki kwa pepopunda, ugonjwa ambao leo mtoto anakingwa kwa sindano pale kliniki. Mama Elisa akabaki mjane, na watoto wanataka kula.

Shule aliitoroka sana, hilo hakulificha. Alikuwa akicheza pekupeku, mpira ni soksi iliyoshindiliwa magazeti. Yeye na wenzake waliunda timu ya mtaani wakaiita Wabrazili. Huku Kidichi ninakoandikia, jioni wakati karafuu zinaanuliwa, watoto wanapiga chandimu namna ile ile njiani kuelekea hamamu ya Sayyid Said, mpaka adhana ya magharibi iwatawanye, na kila timu ina Mbappé wawili. Kwa hiyo nikisoma habari za Mafalala sihitaji kufikiri sana.

Alipojaribu bahati Desportivo, klabu ya mjini iliyokuwa tawi la Benfica, walimkatalia. Akaenda kwa wapinzani wao, tawi la Sporting. Akafunga mabao hadi habari zikavuka bahari, na hapo Benfica wenyewe ndio wakaja wakimtaka. Hawakwenda kwa Sporting. Walikwenda nyumbani, kwa mama na kaka yake. Kaka akataja mara mbili ya fedha walizoahidi, nao wakakubali bila kubisha. Desemba 1960, akiwa na miaka 18, Eusebio akapandishwa ndege kwenda Lisbon. Katika mawasiliano yao Benfica walimpa jina la siri, tena la kike: Ruth Malosso. Alipofika, wakamficha siku kadhaa katika hoteli ya mbali, kusini mwa Ureno, wakiogopa Sporting wasije wakamnyakua. Fikiri kijana wa miaka 18, baridi ya Desemba, jina si lake, hajui kesho atalala wapi. Ugomvi wa klabu hizo mbili ulichukua miezi, na hakucheza mechi yake ya kwanza mpaka Mei 1961.

Mama Elisa alifanya jambo ambalo mama zetu wangelifanya. Aliandika barua kwa Mário Coluna, Mmsumbiji mwenzao aliyekuwa tayari nyota wa Benfica, akamwomba amlee mwanawe. Coluna akaipokea kazi hiyo kama amana. Alimtafutia mahali pa kuishi, alimtunzia fedha, alimkaripia. Hata uwanjani Eusebio aliendelea kumheshimu kama mtoto kwa baba, ingawa walipishana miaka isiyotimia saba. Sisi Wakatoliki tuna neno kwa kazi ya namna hii, tunasema msimamizi. Siku hizi vijana wana mameneja na mawakala, sawa, lakini barua ya mama haina asilimia kumi.

Mwaka 1962 akawafunga Real Madrid mabao mawili kwenye fainali ya Ulaya, Benfica wakashinda 5-3. Kitu alichokitaka sana usiku ule kilikuwa jezi ya Di Stéfano, shujaa wake wa utotoni. Akaipata, akaisindikiza ndani ya bukta yake isije ikaibwa na mashabiki waliovamia uwanja. Mwaka 1965 akawa mchezaji bora wa Ulaya, na mwaka huo huo akamwoa Flora, msichana wa kwao Msumbiji, akadumu naye mpaka kifo.

Basi klabu kubwa za Italia zikamtaka, kwa fedha ambazo zingembadilishia maisha na za ukoo wake wote. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba Salazar, mtawala wa Ureno, ndiye aliyeuzuia mlango: Eusebio alihesabiwa kuwa mali ya taifa, hauzwi. Baadaye, mwaka 1966, Italia nayo ikafunga milango kwa wachezaji wote wa kigeni baada ya timu yao kutolewa Kombe la Dunia na Korea Kaskazini. Mambo yakaishia hapo.

Hapa kuna kitu kinaniuma mimi hasa, kama frateri. Salazar alisoma seminari. Miaka kadhaa ya ujana wake aliipitisha seminari ya Viseu kabla ya kugeukia sheria na uchumi. Alifundishwa misa, sala na teolojia kama tunavyofundishwa sisi. Na kinyume chake, mwaka ule ule wa 1960 ambao Eusebio alipanda ndege, askofu mmoja kijana wa Poland, Karol Wojtyła, kipa wa mtaani alipokuwa mtoto, alitoa kitabu kuhusu upendo na wajibu. Ndani yake anashikilia kwamba mtu hawezi kamwe kutumiwa kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Namna pekee inayomstahili mtu ni kupendwa. Kitabu kinazungumzia zaidi mapenzi ya mwanamume na mwanamke, lakini nadhani mkataba wa mpira nao unapimika kwa kanuni hiyo hiyo. Seminari moja, imani moja, halafu huyu anamwona mtu na yule anaona mali. Nimelifikiria hili mara nyingi wakati wa kutafakari asubuhi na sijapata njia ya kulikwepa.

Na ukumbuke ilikuwa miaka gani. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na Septemba 1964 vita vya ukombozi wa Msumbiji vikaanza. Wazee wa Mtwara na Ruvuma wanawakumbuka wakimbizi. Mondlane aliuawa kwa bomu hapo hapo Dar, Februari 1969. Samora Machel mwenyewe aliwahi kuishi Mafalala. Wakati huo wote Eusebio alivaa jezi ya Ureno, na utawala ukamwonyesha duniani kama ushahidi kwamba makoloni yake hayana shida. Kuna wanaomwita msaliti kwa sababu hiyo. Mimi nawaona wamekwenda mbali. Hakuwa mwanasiasa, na aliyezuiwa asihame hata klabu angeanzia wapi kuhama bendera? Ila nakiri, kunyamaza kwake ni kurefu.

England 1966 ndipo dunia ilipomjua. Ureno ilikuwa nyuma 3-0 mbele ya wale wale Wakorea. Eusebio akafunga manne, ikaisha 5-3. Alimaliza na mabao tisa, mfungaji bora. Lakini picha iliyobaki ni ya nusu fainali, Ureno imefungwa na England 2-1, anatoka Wembley analia, anajifuta kwa jezi. Hakuona haya. Vijana wa kiume mnaoambiwa mwanamume halii, itafuteni picha hiyo.

Miaka miwili baadaye, uwanja ule ule, fainali ya Ulaya dhidi ya Manchester United, matokeo 1-1, dakika za mwisho. Akabaki yeye na kipa Alex Stepney. Akapiga shuti la kuua, kipa akaudaka. Eusebio akasimama akampigia makofi. Benfica wakaenda kufungwa 4-1 katika muda wa nyongeza. Shuti lile lingekuwa kombe.

Mwili wake ndio uliolipa. Goti la kushoto lilipasuliwa mara kadhaa, na bado alirudishwa uwanjani, kwani Benfica walizunguka dunia wakicheza mechi za kirafiki na kila mwandaaji alitaka kumwona yeye. Alipoondoka mwaka 1975 akiwa na miaka 33, magoti yalikuwa ya mzee. Ndipo akaanza kutangatanga: Boston, Monterrey, Toronto, Las Vegas, na klabu ndogo za Ureno. Akiwa na mojawapo, Beira-Mar, walikutana na Benfica, na ilipotokea faulo ya karibu alikataa kuipiga. Kuwafunga Benfica hakuweza. Kitaaluma alikosea, maana aliyemlipa ni Beira-Mar. Moyoni namwelewa.

Kisa kingine kitawachekesha. Kocha wake wa kwanza Lisbon, Béla Guttmann, Myahudi wa Hungaria, aliondoka Benfica mwaka 1962 kwa hasira ya fedha, na inasimuliwa aliwalaani wasichukue tena kombe la Ulaya miaka mia. Mwaka 1990 fainali ikaangukia Vienna, alikozikwa Guttmann. Eusebio akaenda makaburini akasali laana iondoke. Benfica wakafungwa na Milan 1-0. Sisi tunaozijua kamati za ufundi na mayai yanayozikwa golini hatuna haki ya kumcheka. Angalau yeye hakwenda kwa mganga; alikwenda kumwombea marehemu, na hiyo Kanisa linatufundisha, matokeo yawe yoyote.

Alifariki Lisbon kwa ugonjwa wa moyo alfajiri ya Jumapili tarehe 5 Januari 2014, Sherehe ya Tokeo la Bwana, akiwa na miaka 71. Ureno ikatangaza siku tatu za maombolezo. Kama alivyokuwa ameomba, jeneza lilizungushwa uwanja wa Benfica, kisha likapelekwa kwenye misa katika kanisa la seminari lililo jirani, halafu makaburi ya Lumiar, mvua ikinyesha. Mwaka uliofuata, Julai 2015, taifa likamhamishia kwenye jengo la mashujaa wake, mchezaji mpira wa kwanza kuingia humo. Jengo hilo lilianza kama kanisa la Mtakatifu Engrácia katika karne ya 17 na likachelewa mno kukamilika. Lilimalizika mwaka 1966.

Coluna, aliyepewa ile barua, alikuwa amerudi Msumbiji baada ya uhuru na kuliongoza shirikisho la soka la nchi yake. Alifariki Maputo tarehe 25 Februari 2014, siku 51 baada ya mtoto aliyekabidhiwa.