Bwana wa Kasri la Ngata



Katika miaka 50 ambayo Mungu ametujalia kuimba pamoja, hakuna mahali nje ya kanisa ambapo tumeimba mara nyingi kama kule Ngata, kwenye kasri la Lord Egerton. Wengi wenu mmewahi kutusindikiza huko siku za harusi. Mnalijua lile jengo la mawe lenye vyumba 52, kama kilomita 14 kutoka mjini Nakuru, na ule ukumbi mkubwa wenye kinanda cha mabomba ambacho wapiga kinanda wetu hawachoki kukitazama.

Kila tukienda huko tunasimuliwa habari za mwenye nyumba, nasi tumezibeba hizo habari miaka yote. Tumewasimulia watoto wa shule ya Jumapili, tumezifanyia mzaha ndani ya matatu tukirudi mjini. Kamati ya jubilei ilipotuomba tuandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani wa sehemu zetu, tulimchagua yeye kwa sababu tulidhani tunamjua. Tulipoanza kuuliza na kusoma, tukakuta tulichokuwa nacho ni sifa yake tu.

Sifa yake hapa kwetu

Husemwa kwamba bwana huyu alimpenda mwanamke wa ukoo mkubwa wa Ulaya. Akamkaribisha Njoro aione nyumba aliyokuwa nayo, yule mwanamke akaidharau na kuifananisha na banda la kuku. Bwana akaingiwa na haya, akaanza kujenga kasri. Lilipokaribia kwisha, mwanamke akalikataa nalo, akaenda kuolewa na mwingine. Tangu hapo, husemwa, bwana akawachukia wanawake wote, akapiga marufuku mwanamke yeyote kukanyaga shamba lake, na wafanyakazi wakalazimika kuwaacha wake zao mbali.

Ukiwasikiliza wasimulizi wawili kwa siku moja, utaona hadithi haikubaliani yenyewe kwa yenyewe. Kwa mmoja mwanamke alitoka Austria, kwa mwingine alikuwa Mwingereza. Kwa huyu lilikuwa banda la kuku, kwa yule ni la mbwa, kwa wa tatu ni kiota cha ndege. Lililo la hakika ni fupi: hakuoa, na hakuacha mtoto.

Kuna na hesabu ambayo hatukuwahi kuifanya. Maurice Egerton alizaliwa mwaka 1874. Ujenzi wa kasri ulianza 1938, ukakatizwa na Vita Kuu ya Pili, ukakamilika 1954. Alipoanza alikuwa anagonga miaka 64, na alipohamia alikuwa anakaribia 80. Yule kijana wa mapenzi tuliyemwona akilini tukicheka alikuwa mzee wa umri wa babu zetu. Huenda moyo wa mzee nao huumia, hilo hatulikatai. Lakini tulikuwa tumemcheka mtu ambaye hatukuwahi hata kuhesabu miaka yake.

Alikotoka

Alizaliwa Uingereza, katika ukoo wenye mali nyingi ulioishi Tatton Park, karibu na mji mdogo wa Knutsford katika jimbo la Cheshire. Angeweza kukaa tu akala urithi. Badala yake alikuwa mtu wa vyombo na mitambo. Gari lake aina ya Benz lilipewa nambari M 1, ya kwanza kabisa kusajiliwa katika jimbo lao. Alisafiri hadi Yukon, kule baridi kali Kanada, wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Ndege zilipoanza kuruka, alikuwa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kuzirusha. Aliwajua ndugu Wright wa Marekani, wale walioanzisha safari za ndege yenye injini, na mwaka 1910 alipata leseni ya urubani ambayo nambari yake ilikuwa 11 tu katika nchi yote ya Uingereza.

Mwaka 1920 baba yake alifariki, naye akawa Baron Egerton wa nne. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, uwanja wa Tatton ulitumika kuwafunza askari kuruka kwa miavuli. Na pale Knutsford alianzisha klabu ya vijana, na hadi leo kuna klabu ya vijana mjini humo inayoitwa kwa jina lake. Alipofariki, nyumba ya Tatton aliikabidhi kwa shirika linaloitwa National Trust, na leo wananchi huingia na kuitembelea.

Kwa hiyo kule Knutsford wanamkumbuka mtu wa magari, wa ndege na wa vijana. Huku Njoro tunamkumbuka mtu aliyechukia wanawake. Ni mtu yule yule. Kila upande umeshika kipande chake na kukiita mtu mzima.

Upande ambao hadithi hauugusi

Ndugu zetu, hatuandiki haya ili tumgeuze mtakatifu. Mzee mmoja wa sauti ya besi, aliyekulia kwenye mashamba ya wazungu, alituonya mapema kwamba tusitoke kwenye uongo mmoja tukaingia mwingine. Alikuwa na haki.

Egerton alikuwa mlowezi. Alipata shamba lake kubwa la Njoro baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika bonde ambalo Wamaasai walikuwa wamehamishwa kwa mkataba wa mwaka 1904 ili kuwapisha walowezi. Nyanda hizi zikaitwa za wazungu, na Mwafrika hakuweza kumiliki hata ekari moja. Waliolima walikuwa maskwota, babu na bibi za wengi wetu tunaoimba leo. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa na kulima kijishamba chao. Aliyependa kuwinda naye alikuwa yeye: kule Tatton kuna ukumbi mzima aliojengea vichwa na ngozi za wanyama aliowapiga risasi.

Tazama basi. Hadithi ya mapenzi tumeisimulia miaka mingi, na habari ya ardhi na jasho la maskwota tumeipita kimya. Mkono wa Mwafrika ulibeba yale mawe, lakini katika hadithi ya kasri hao wabebaji hawamo kabisa. Tulimhukumu mtu kwa jambo ambalo hakuna anayelithibitisha, tukasahau lililoandikwa wazi.

Chuo

Mwaka 1939 alitoa ekari 740 za shamba lake, ikaanzishwa shule ya ukulima iliyoitwa Egerton Farm School. Tuseme kweli: ilikuwa ya kuwaandaa vijana wa kizungu wawe wakulima. Mtoto wa skwota aliyekamua ng'ombe wa shamba hilo hakuwa na nafasi darasani.

Lakini mbegu ikishaingia ardhini haimwulizi aliyeipanda itazaa matunda ya nani. Kufikia 1955 shule ilikuwa imekuwa Egerton Agricultural College, ikitoa cheti cha mwaka mmoja na diploma ya miaka miwili. Mwaka 1958, mwaka ule ule aliofariki, chuo kilipata kutoka kwake ekari nyingine 1,100. Muda si mrefu milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika. Mwaka 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu cha Egerton.

Katika kanisa letu wamo maafisa wa kilimo, walimu na madaktari wa mifugo waliosoma pale. Wamo akina mama wengi. Chuo hicho kimewahi hata kuongozwa na makamu mkuu wa chuo aliye mwanamke. Na nyumba ya bwana huyu, ambayo tangu 1996 ni kumbukumbu ya taifa na iko mikononi mwa chuo, ndiko mabibi harusi wa Nakuru huenda kupigwa picha. Kama kweli aliwakataza wanawake kuikanyaga ardhi yake, basi Mungu amelifuta katazo hilo bila kelele.

Alifariki Januari 1958, akiwa na miaka 83. Kwa kuwa hakuwa na mtoto, cheo cha ukoo kikafa naye. Alikuwa ameishi katika kasri lake miaka minne hivi.

Na sisi je?

Tungeweza kuishia hapo. Lakini tulipokuwa tukiandika haya, wengine wetu tulikosa usingizi, kwa sababu tulimkumbuka mtu aliye karibu nasi zaidi kuliko Egerton.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwimbaji wa sauti ya tena ambaye wazee wetu bado wanamsifu. Akaonekana usiku, si mara moja, akitoka kwenye mlango wa baa. Habari zikazunguka kwenye mazoezi, kutoka sauti ya kwanza hadi ya nne. Hakuna aliyemwuliza. Tuliona tu kwamba jina la kwaya litachafuka, tukamwondoa kwenye orodha ya waliokwenda kurekodi, kisha tukamwomba apumzike. Hakubishana. Alirudisha sare imefuliwa na kupigwa pasi, imekunjwa vizuri ndani ya gazeti.

Tulikuja kujua baada ya muda mrefu. Binti yake alikuwa akiosha vyombo jikoni mwa baa hiyo ili alipe karo ya chuo, na kazi ilikwisha saa nne usiku. Baba alikuwa akienda kumsindikiza nyumbani kwa sababu njia haikuwa salama. Na sababu ya kunyamaza kwake ndiyo iliyotuumiza zaidi. Alijua kwamba akitueleza, tutamwacha yeye na kulishika jina la binti. Alituchagulia mtu wa kumsema, akajitoa mwenyewe.

Mwaka huu, kabla ya kijitabu hiki kwenda kwa mpiga chapa, baadhi yetu tulikwenda kwake tukaomba msamaha. Alitukaribisha chai. Hakutulaumu, wala hajaamua kurudi, nasi hatumlazimishi. Jina lake mtaliona katika orodha ya waliotumikia, mahali pake, pamoja na miaka aliyoimba. Hatukuliwekea alama yoyote.

Watu hawa wawili hawafanani. Yule wa Ngata alikuwa tajiri aliyefaidika na utaratibu usio wa haki, kisha akaacha kitu ambacho kimetufaa hata sisi. Huyu wetu hakuwa na kosa. Kilichowaunganisha ni sisi, tuliowahukumu wote wawili kwa kusikia. Samweli naye, nabii mzima, alifika nyumbani kwa Yese akavutiwa na urefu na umbo la mtoto wa kwanza, na huku mpakwa mafuta alikuwa malishoni na kondoo. Ikiwa nabii alihitaji kusahihishwa, sisi je, tunaosimama mbele ya watu kila Jumapili tumevaa sare moja na kuonekana wote tuna moyo mmoja?

Maana sare nayo ni sifa ya nje. Ninyi washiriki mnatutazama tukiimba mkadhani tuko sawa, na siku moja mkituona sokoni tukigombania bei ya viazi mnatushangaa. Tunawaomba mtuvumilie na mtuulize. Nasi tumekubaliana jambo moja katika jubilei hii: habari ya mtu haitajadiliwa kwenye mazoezi kabla watu wawili hawajakwenda kuonana naye uso kwa uso.

Mwezi ujao tuna harusi tena kule Ngata. Mwelekezi akianza ile hadithi tutamsikiliza kwa heshima, kisha watoto wetu tutawasimulia iliyobaki: ndege, ekari, maskwota na chuo. Halafu tutaingia ukumbini tuimbe.

Bwana awabariki nyote.