Williamson: jicho moja, mkono mmoja na kazi ya moto

Mpwa wangu anaona kwa jicho moja. Mwezi uliopita mwalimu wake alimwambia aache kemia, eti maabara ni hatari kwake. Alipokuja kwangu kimya kimya, nilimhadithia habari za Alexander Williamson. Leo nawahadithia nanyi.

Williamson alizaliwa London mwaka 1824. Tangu utotoni jicho lake la kulia halikuona na mkono wa kushoto haukuwa na nguvu. Alikwenda Heidelberg, Ujerumani, kusomea udaktari, moyo ukaangukia kemia. Akaendelea Giessen kwa Liebig, kisha Paris, na mwaka 1849 akawa profesa University College London.

Mwaka wa pili yake ndipo alipopata jina. Alitaka kutengeneza alkoholi mpya. Alichukua ethanoli iliyotiwa potasiamu, akaichanganya na iodidi ya ethili. Badala ya alkoholi akapata etha. Mwingine angemwaga, yeye aliuliza kwa nini. Akaonyesha kwamba etha ni ethili mbili zilizoshikwa na oksijeni moja: iodini imetoka, oksijeni imekaa mahali pake.

Aliyesoma kemia sekondari anakijua kisa cha pili. Ethanoli na asidi kali ya salfuriki zikipashwa hadi nyuzi 140 hivi, ethanoli ikiwa nyingi, hutoka etha zaidi: molekuli moja hushika nafasi kwa nyingine. Pandisha moto hadi nyuzi 170 au 180, asidi ikiwa nyingi, maji hung'olewa kwenye molekuli yenyewe, ikabaki gesi ya ethini. Vitu ni vilevile. Moto na kipimo ndivyo vinavyoamua. Hata njia ya Williamson ina masharti: kaboni yenye iodini ikizongwa na matawi, mgeni hana pa kukaa, na hapo etha huwa haba.

Mwaka 1863 vijana watano wa Choshu, Japani, walifika London kwa siri, kwa kuwa kwao kusafiri ng'ambo kulikuwa marufuku. Williamson aliwasomesha, na baadhi yao yeye na mkewe Emma wakawakaribisha nyumbani kwao. Mmoja wa wale watano, Ito Hirobumi, akawa waziri mkuu wa kwanza wa Japani mwaka 1885. Williamson alifariki mwaka 1904.

Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika. Jumatatu, inshallah, nitafuatana na mamake kijana kumwona mwalimu. Hatuendi kuomba huruma. Tunaomba miwani ya kukinga lile jicho lililobaki, na nafasi yake kwenye meza ya maabara.