Mekatilili: Marathoni 14 Bila Medali

Umemaliza kilomita 42 na unajisifu? Hongera, lakini hebu msome huyu mama wa Kigiriama.

Mwaka 1913 Waingereza walitaka kodi ya nyumba, na vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu. Mekatilili wa Menza, mjane, akazunguka vijijini akicheza kifudu na kuwaapisha watu wakatae. Oktoba wakamkamata pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakawatupa Kisii.

Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Hata ukipiga mstari ulionyooka, Kisii hadi kwa Wagiriama ni zaidi ya kilomita 600. Yaani marathoni 14 mfululizo, bila raba, bila maji ya chupa, na wewe ni mtoro wa serikali!

Mwaka huo huo Waingereza wakalipua Kaya Fungo, wakawafukuza Wagiriama kaskazini mwa Sabaki. Mekatilili akakamatwa tena. Aliachiliwa 1919, akafariki 1924.

Wewe wa Kakuyuni, siku moja vuka Sabaki uende Bungale. Amezikwa huko, kwenye ardhi ile ile waliyotaka kuwanyang'anya watu wake.