Maisha ya Tabibu Abu Bakr al-Razi

Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya alizaliwa mji wa Rayy, nchi ya Uajemi, mwaka 251 Hijria (865). Alisimamia hospitali ya kwao, kisha ya Baghdad, akaandika risala ya kupambanua ndui na surua. Katika mambo ya dini ana maneno ambayo maulamaa wameyakataa, wala hayafuatwi. Amma katika utabibu khabari yake ni hii.

Desturi yake ilikuwa kuandika hali za wagonjwa: walivyokuja, walivyotibiwa, na mwisho wao. Alimtibu Abdullah bin Sawada, aliyeshikwa na homa zisizo na mpango, naye akienda haja ndogo mara kwa mara. Al-Razi akadhani ama ni homa itakayogeuka kuwa ya kila siku ya nne, ama mna kidonda katika mafigo, hakukata shauri. Haukupita muda, mkojo ukatoka na usaha. Naye hakuificha taksiri yake, akaandika kuwa alighafilika kumwuliza mgonjwa kama kiuno chake ni kizito. Si kila mwenye jina kubwa aiwezaye kalamu ya namna hiyo.

Na katika sirsam, ugonjwa wa kichwa umfanyao mtu aweweseke, kundi moja aliwatoa damu, jingine akawaacha makusudi apate kuona tofauti. Leo kutoa damu kwa maradhi hayo kumeachwa. Kulinganisha makundi kumebaki.

Mwisho wa umri alipofuka macho, akafa Rayy mwaka 313 (925). Karatasi zake waziri Ibn al-Amid alizinunua kwa dada yake, wanafunzi wakazikusanya, zikawa kitabu cha al-Hawi.